Mafuta ya Nywele Yasiyong'aa

Alikuwa anamdanganya kila mtu juu ya kichwa chake. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu wa avenue yetu, pale Mangobo, mjini Kisangani, watakuambia la kwanza, na sitaki waseme nimemfichia. Ulikuwa unatoka kwenye kiti chake masikio yametokeza kama milango ya teksi iliyosahauliwa wazi, naye anakuinulia kioo na kusema: "Sasa umekuwa mutu." Mwenye upaa, sasa umekuwa mutu. Mwenye mapunye, sasa umekuwa mutu. Nilimsikia akimwambia hivyo mzee mmoja aliyetoka hospitali akiwa amebaki ngozi na mfupa, na yule mzee alirudi nyumbani akitembea wima. Kwa hiyo sijui kama uongo ndilo neno. Mimi niliishia darasa la sita. Kupima uongo na huruma ni kazi ya mapadre.

Tulimwita Papa Kwafere, yaani kinyozi, basi. Jina alikuwa nalo, lakini hata mke wake alimwita hivyo mbele ya watu. Mimi natengeneza baiskeli. Kibanda changu kiliegemea salon yake, katikati yetu ukuta mmoja wa mabati wenye matundu ya misumari, kwa hiyo mengi ninayoandika hapa niliyasikia kuliko kuyaona. Pale nilipoona nitasema nimeona.

Salon ilikuwa na kiti kimoja, kiti cha mbele cha gari lililokufa zamani, kimefungwa juu ya magogo. Kioo kimoja cha mkono. Mashine ya kunyolea ya kuminya kwa vidole, maana umeme ulikuwa hadithi. Na yeye mwenyewe, mwembamba, kanzu imekunjwa mpaka magotini, kofia yake nyeupe ya kudariziwa kichwani. Kofia hiyo hakuivua. Kwenye joto la saa nane, mabati yanalia juu yetu, kofia iko. Watu walimtania: kinyozi gani hanyolewi. Alikuwa anajibu, "Mupishi anakulaka ya mwisho."

Miaka ile mji ulikuwa na majeshi mawili ya wageni. Yalikuja pamoja kama ndugu, kisha yakaanza kutazamana. Kila moja lilishika upande wake na kuweka barieri zake, vizuizi vya barabarani, na sisi katikati tulijifunza kutembea mikono ikionekana. Bunduki ikilia mahali, Papa Kwafere aliinua wembe kutoka kwenye ngozi ya mtu na kuushikilia hewani. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza mtoto akikohoa chumba cha pili. Ikiwa mbali, wembe ulirudi mahali pale pale. Ikiwa karibu, alisema "Alors, tulale," na kinyozi na mteja walilala chini pamoja, povu shingoni. Wengine walikimbia na nusu ya nywele. Akikutana nao sokoni hata baada ya wiki, alikuwa anawashika mkono: "Kichwa niliyoanza iko yangu mpaka nimalize. Kuya ukae."

Alikuwa mwoga. Hilo pia niliseme. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa mkewe akinyamaza. Lakini aliwanyoa askari wa majeshi yote mawili, leo wa huku, kesho wa kule, kwa kitambaa kile kile. Kwa hiyo wako waliosema anabeba maneno kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Nimelifikiria sana neno hilo, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya mabati. Sikumsikia hata mara moja akimwambia askari kitu zaidi ya "inamisha" na "sasa umekuwa mutu." Lakini pia sikuwa pale kila saa. Naandika ninachojua.

Kilichofanya tumwamini ni kanuni yake moja. "Kichwa yangu kwanza." Dawa ya mapunye, sabuni mpya, rangi nyeusi ya wazee wanaotaka kuoa tena, chochote kilicholetwa kwake kilipita kwanza kichwani mwake siku nzima. Siku moja mfanyabiashara kutoka Butembo, mtu mcha Mungu kweli, simsemi vibaya, alimletea krimu ya kulainisha nywele. Papa Kwafere aliipaka nyuma ya sikio. Alijikaza mpaka jioni. Asubuhi alimrudishia makopo yote huku sikio linatoa maji, na alimwambia tu, kwa adabu: "Tonton, hii pelekea maadui." Kovu lilibaki. Ukiingia na mashaka, alikunja sikio akakuonyesha.

Basi Komanda akaja.

Huyu alikuwa mkubwa wa jeshi lililoshika upande wetu. Kijana mrefu, sauti ya chini, Kiswahili cha kwao kilichonyooka. Sitamwita mnyama. Alikuwa anasalimia wazee. Lakini fundi wa nguo aliyemshonea suruali ikawa fupi alifungiwa kwenye kontena la chuma kule kambini, juani, na alipotoka hakuweza tena kukunja magoti vizuri. Fundi huyo alipita mbele ya vibanda vyetu kila siku akitembea kama mtu aliyebeba meza. Hakuna aliyehitaji kutukumbusha.

Nilimsikia Komanda akikaa kwenye kiti.

"Mzee, ninyi mnapaka watu mafuta mpaka kichwa kinang'aa kama sufuria."

"Njo mode, mutindo ya hapa, mukubwa."

"Mimi sitaki kung'aa. Jumapili tunakutana na wale wenzetu wa upande wa pili. Kutakuwa na picha, wakubwa wametoka mbali. Nimeletewa hii. Ni ya wanaume. Inashika nywele zisimame, lakini haitoi mwanga. Unaijua?"

"Nitaijua."

"Ijaribu. Jumapili asubuhi nitakuja. Nisiaibike, mzee."

Hakupandisha sauti. Alipoondoka, Papa Kwafere alikuja upande wangu na lile kopo. Lilikuwa la bati, fupi, pana, jeusi, limeandikwa lugha ambayo sisi wote wawili tuliigeuza juu chini bila faida. Ndani mlikuwa na kitu kizito kama udongo uliokandwa na nta, rangi ya kwanga, ule mkate wa muhogo, iliyolala. Ukikigusa hakitelezi. Unakichota kwa ukucha, unakisugua viganjani mpaka kinalegea, ndipo kinakubali kwenda kwenye nywele.

Alifuata kanuni yake. Aligeukia ukutani, akainua kofia kidogo kwa nyuma, akapaka, akashusha kofia. Ijumaa alienda nayo msikitini. Alirudi amefurahi kuliko nilivyomwona miezi mingi.

"Iko bien. Haiwashe, haichuruzike, hainuke. Niliangalia na kioo: kama mutu hajapaka kitu. Wenye walitengeneza hii walifikiri."

"Na jasho?"

"Nimetoka jasho kama punda. Nywele iko vile vile."

Jumamosi aliniita. Alitaka kuiona kwa mbali, kwenye kichwa cha mtu mwingine, kwa kuwa mwenyewe hawezi kujizunguka. Nilikaa. Alinipaka polepole, vidole vikipita kutoka shingoni kwenda juu, anasokota kidogo, anaachia, anasokota, anaachia. Alikuwa ameacha kuongea, kama alivyoacha siku zote kazi ikimpendeza. Akaniinulia kioo. Ni kweli ilikuwa nzuri. Hakuna mwanga hata kidogo, na kila unywele umesimama pale ulipoambiwa. Nilionekana mtu mwenye cheo asiyejisumbua.

"Sasa umekuwa mutu," alisema, na siku hiyo nilimwamini.

Nikarudi kwenye kazi. Kulikuwa na gurudumu la mmoja wa wale vijana wanaobeba watu kwa baiskeli, limepinda kama chapati, na nililinyoosha juani, kichwa chini, jasho linashuka. Likashuka, likakauka, likashuka tena. Nilihisi ngozi inanikaza, basi.

Hapa niwaeleze jambo moja la watu wa mke wangu. Wao ni wa upande wa Yahuma. Kwao mume akifiwa na mke, au mtu akifiwa na mzazi, anapakwa udongo mweupe kichwani siku ile ile. Mjini wengi wameacha. Wazee hawajaacha.

Mke wangu alilelewa na dada mkubwa wa mama yake, tukimwita Mama Mukubwa, na ndiye aliyekuwa akituletea mboga kila Jumamosi kutoka sokoni. Alikuja na kikapu cha pondu, mboga ya majani ya muhogo, kichwani. Aliniona nimeinama, kimya, peke yangu, kichwa kimekuwa cheupe chote.

Nilisikia kikapu kikianguka. Halafu nilisikia sauti ambayo sitaki kuisikia tena, ile ya kwanza kabisa, kabla haijawa maneno. Akapiga magoti kwenye vumbi na kumlilia mke wangu kwa jina lake la utotoni. Akamwita mtoto wake aliyemwacha. Akauliza nani alimpiga risasi, na ilikuwa barieri gani.

Nilisimama na spana mkononi. "Mama, ni nini? Nani amekufa?"

"Unaniuliza mimi?" alisema. "Wewe umepakwa, unaniuliza mimi?"

Wanawake wa avenue walishatoka, na wawili watatu wenye msiba wa kweli nyumbani walishaanza kumwitikia. Mke wangu mwenyewe alitokea nyuma ya nyumba, mikono imejaa unga wa muhogo, anauliza msiba uko wapi ili aende. Mama Mukubwa alimtazama kama tunavyotazama mtu aliyeshuka kutoka mbinguni bila ruhusa. Akamshika uso. Akamshika mikono. Unga ukawapaka wote wawili.

Askari wa barieri ya kona walifika mbio. Siku zile kilio kilikuwa kinakusanya watu, na watu waliokusanyika walikuwa hatari. Bunduki zilituelekea vifuani. "Nani amekufa hapa?" Papa Kwafere alitoka na kitambaa begani, yule yule anayeogopa mbwa, akasimama kati ya bunduki na wale wanawake. "Hakuna mutu, bana jeshi. Mama aliona vibaya. Jua." Askari mmoja alicheka. Mwingine alinitazama kichwa muda mrefu, halafu wakaondoka.

Mama Mukubwa aliokota pondu yake jani kwa jani. Alipomaliza alitugeukia.

"Kilio nimeshalia," alisema. "Nani ataikula pondu ya kilio sasa?"

Ndani ya salon, Papa Kwafere alipitisha kidole kichwani mwangu na kukitazama. Kilikuwa cheupe. Akaketi kwenye kiti cha wateja, kitu ambacho hakufanya kamwe, na kuvua kofia.

Nilikuwa nimefanya kazi ubavuni mwake miaka, na sikujua. Kichwa chake kilikuwa cheupe chote. Hakukuwa na mvi za hapa na pale, kilikuwa cheupe kama pamba iliyopasuka.

"Angalia," alisema. "Nilijaribu juu ya pamba."

Nilimwambia labda mafuta yamegeuzwa na jua tu.

"Hapana. Wakati nilianza kusema kichwa yangu kwanza, ilikuwa nyeusi yote. Vita ilifika, ikageuka mwaka moja. Nikafunika, pembeni nikanyoa. Nikasahau kama nilifunika." Alikizungusha kile kidole. "Kichwa yangu si kichwa ya watu tena."

Ilikuwa imebaki kesho tu, Jumapili. Pale pale wote wawili tulimwona fundi wa nguo akipita, magoti yamekazana.

Tulitafuta njia. Mimi nilisema tuchanganye na rangi nyeusi ya viatu. Alifikiri kidogo, akasema itashuka na jasho mpaka kwenye kola, mbele ya picha. Mkewe, kutoka mlangoni, alisema atupe kopo mtoni aseme limeibwa. Alitikisa kichwa: wataingia nyumba kwa nyumba wakimtafuta mwizi, na watampata, maana wakitafuta hupata. Nilisema akimbilie Ubundu. "Na nani atakaa hapa kesho, Komanda akifika?" aliuliza. "Wewe uko jirani."

Hilo sikuwa nimelifikiria.

Alifunga kopo, akafuta mikono. "Mimi sijawahi kuambia mutu ukweli juu ya kichwa yake," alisema. "Sijui inaanziaka wapi. Unisaidie. Usinawe. Mpaka kesho, dimanche, usinawe kichwa."

Nilikubali, na nilijuta kabla sijavuka mlango. Jioni ile watu wasionijua waliniambia pole. Mke wangu alilala kwa Mama Mukubwa. Alisema hawezi kulala kando ya mume wa marehemu wakati marehemu ni yeye. Sikumlaumu. Mara kadhaa nilishika ndoo. Sikunawa, lakini nikisema ni kwa ushujaa nitakuwa nimekuwa kama yeye na kioo chake. Nilijua kwamba nikinawa, maneno yake kesho yatakuwa maneno matupu, na kontena lina nafasi ya wawili.

Komanda alifika Jumapili amevaa nguo zilizopigwa pasi mpaka zinakata, na askari wawili. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigogo kando ya kiti, kama nilivyoambiwa. Alinitazama. Alitoa kofia yake ya kijeshi, kama watu wanavyofanya mbele ya mfiwa.

"Pole. Nani amekufa?"

Papa Kwafere alikuwa amesimama nyuma ya kiti, amekishika kwa mikono miwili.

"Bado hakuna mutu, mukubwa," alisema. "Iko mafuta yako."

Askari mmoja alitazama chini. Mahali fulani upande wa uwanja wa ndege bunduki ililia, moja, na niliona mkono wa Papa Kwafere ukiinuka hewani wenyewe, bila wembe, ukasubiri, ukashuka.

"Mnanichezea," Komanda alisema.

"Ulisema usiaibike. Ukipaka hii ukisimama juani na wale wengine, itakauka. Kwetu hapa watu watakuona hivi."

"Na wewe uliijaribu?"

"Niliijaribu."

"Vua kofia."

Akavua. Komanda alirudi nyuma hatua, na hapo nikaelewa anachofikiri: kwamba yale mafuta yamemla mzee mpaka shina la nywele. Ingekuwa rahisi kumwachia afikiri hivyo. Nilitamani Papa Kwafere anyamaze. Yeye aliyewadanganya wenye mapunye na wenye upaa, nilitamani adanganye mara moja tu kwa faida yetu.

"Hapana," alisema. "Hii si mafuta. Hii iko yangu. Kwa sababu yake sikuona mafuta inakuwa nyeupe."

Komanda alinyoosha kidole, akakipitisha kwenye zile nywele, akakitazama. Kilikuwa safi. Akakipitisha kwangu, akakitazama tena. Alisimama akikitazama kile kidole kama mtu anayesoma.

Kisha akakaa kwenye kiti. "Kata tu," alisema. "Usiweke kitu."

Papa Kwafere alimnyoa. Ilisikika mashine tu. Alipomaliza aliinua kioo, akafungua mdomo, na lile neno lake halikutoka. Komanda alijitazama mwenyewe, akavaa kofia, akaondoka. Kopo alilisahau, au aliliacha. Sikusikia habari zake tena. Kama alikufa, Mungu amrehemu.

Nilidhani nikifika hapa nitakuwa nimemaliza kumwandika, lakini bado.

Yale majeshi mawili, picha au hakuna picha, yalikuja kupigana mjini, juu ya vichwa vyetu. Mabomu yalikuwa yanavuka kutoka upande hadi upande, mengine hayakuvuka. Salon iliungua, na kibanda changu, ukuta wetu wa mabati ukajikunja pamoja. Mama Mukubwa alitoka kuchota maji pale kulipokuwa na kimya, na kimya hakikudumu. Tulimzika uani, kama wengi walivyozikwa siku zile.

Mke wangu hakulia. Alisema jambo moja tu: kwamba mtoto wa marehemu lazima apakwe, na mume wa mtoto pia. Soko lilikuwa limefungwa. Udongo mweupe ulikuwa unatoka vijijini, na njia za vijiji zilikuwa zimekatika. Alisema unga wa muhogo hapana, unga ni chakula.

Nilimtafuta Papa Kwafere siku nyingine, barieri zilipolegea. Nilimkuta kwa ndugu zake, upande wa ile sehemu ya mji tunayoiita commune ya Kisangani, si mbali na maporomoko, anamnyoa mtu kwenye kigoda. Wembe, kioo, na chini ya kigoda lile kopo jeusi. Ndivyo vitu alivyokimbia navyo. Alikuwa hana kofia tena.

Nilimweleza kuwa hatuna udongo. Hakuuliza mafuta ya nini. Alimaliza kichwa alichoanza, akaniweka kwenye kigoda, akachota kwa ukucha, akasugua viganjani. Vidole vyake vilipita kutoka shingoni kwenda juu, polepole, vinasokota, vinaachia. Mengine aliyafunga kwenye jani la ndizi kwa ajili ya mke wangu. Tulikaa juani tukisubiri nikauke.

"Alilia mapema," alisema. "Yule mama."

"Alilia mapema," nilisema.

Nilipohisi ngozi inakaza nilijua tayari. Aliinua kioo kwa mazoea ya mkono. Halafu alikitazama kile kioo, akakilaza kifudifudi juu ya goti lake.

"Papa," nilimuuliza, "hii nitanawa lini?"

Bunduki ililia ng'ambo ya mto, mbali. Mkono wake uliinuka, ukasubiri, na safari hii haukushuka upesi.

"Ile siku nilikuambia dimanche," alisema. "Leo sijui."